Uzi: Vyuma tuache lini kabla ya mashindano makubwa ya kuogelea?

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila mashindano yakikaribia naulizwa swali lile lile, mara nyingine na watu watatu kwa siku moja: kocha, vyuma niache lini? Kuhusu kushusha mzigo wa bwawani watu wanaelewana. Mita zinapungua, kasi inabaki. Lakini ukigusa habari za jimu kila mtu ana msimamo wake. Yupo anayeacha wiki nne kabla, na yupo anayebeba chuma kizito mpaka siku tatu kabla ya kupanda kwenye kibao cha kuanzia mbio. Mimi ni kocha wa nguvu, nafanya kazi na waogeleaji tu, na makosa yote mawili nimeyafanya kwa mikono yangu.

La kwanza. Nilikuwa na binti wa mita 100 kipepeo. Wiki nne kabla ya shindano lake kubwa la mwaka tukakubaliana na kocha wake wa bwawani tumfutie jimu yote, mwili upumzike. Ukapumzika kweli. Alilala vizuri, mabega yakaacha kuuma, uso ukanawiri. Siku yenyewe nilikaa usawa wa mita 15 na saa mkononi kama kawaida yangu. Alipoibuka nikaitazama saa mara mbili: sekunde 0.3 nyuma ya muda wake wa katikati ya msimu, kipindi ambacho alikuwa hoi kwa mazoezi. Mita 50 za mwisho alizimaliza vizuri kuliko siku zote. Muda wake ulipotelea kwenye kibao na ukutani, mahali ambapo mguu ndio unaofanya kazi. Na miguu ile ilikuwa na siku 28 haijabeba kitu kizito.

Msimu uliofuata nikaruka upande wa pili. Kijana wa mita 50 mtindo huru, mwenye mwili mkubwa, nikampa skwati nzito (kuchuchumaa na chuma mgongoni) siku tano kabla. Nikajipa moyo kwamba siku tano zinatosha. Siku mbili baadaye alikuwa anashuka ngazi za bwawa kwa kushikilia chuma cha pembeni, mapaja yamekaza. Siku ya mbio maumivu yalikuwa yameisha lakini wepesi haukuwa umerudi. Aliniambia, "Kocha, nasukuma lakini hakuna kinachonirudia." Hiyo kauli sijaisahau.

Tangu hapo nikaanza kusoma na kuandika kila kitu kwenye daftari. Nawawekea nilichokipata, halafu tujadili.

Kila zoezi linakuachia vitu viwili kwa pamoja: uwezo na uchovu. Eric Banister na wenzake waliliweka jambo hili kwenye hesabu miaka ya 1970, na mpaka leo makocha wengi wanaitumia picha ile ile. Uchovu ni mkubwa kuliko uwezo mwanzoni, ila unatoka haraka. Uwezo unakaa zaidi. Kushusha mzigo ni kuuacha uchovu utoke kabla uwezo haujaanza kuondoka. Shida ni kwamba uwezo wenyewe si wa aina moja. Vladimir Issurin aliandika kwamba nguvu ya juu kabisa hubaki kwa siku 30 hivi baada ya kuacha kuifanyia kazi, zaidi au pungufu siku 5, lakini kasi ya juu hubaki siku 5 tu, zaidi au pungufu siku 3. Sasa mtazame yule binti wangu. Nguvu yake ilikuwa ukingoni, na ule wepesi wa kuifyatua kwa mara moja ulikuwa umeondoka siku nyingi.

Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti za kushusha mzigo katika michezo ya kuogelea, kukimbia na baiskeli. Waliofaidika zaidi walipunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, kwa muda wa wiki mbili hivi, bila kupunguza ukali wala idadi ya vipindi kwa wiki. Sentensi hiyo irudieni mara mbili. Ukali haukuguswa. Watu wengi wakisikia "kushusha" wanashusha vyote: seti, marudio, uzito, kasi, siku. Unabaki na mtu anayekwenda jimu kupasha misuli moto na kurudi nyumbani.

Na faida yake ni kubwa. Iñigo Mujika na wenzake walifuatilia waogeleaji 99 katika wiki tatu za mwisho kabla ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na kwa wastani waliboresha muda kwa asilimia 2.18. Kwa mtu wa sekunde 50 hiyo ni zaidi ya sekunde nzima. Rio 2016, mita 50 mtindo huru wanaume, Anthony Ervin alichukua dhahabu kwa 21.40 na Florent Manaudou akawa wa pili kwa 21.41. Pima hapo sekunde yangu 0.3 ya pale kwenye kibao ina thamani gani.

Mpangilio wangu wa sasa, kwa mtu wa mbio fupi na za kati aliyezoea jimu mara tatu kwa wiki, uko hivi. Wiki ya nne kutoka mwisho ndiyo ya mwisho ya kazi kamili, na hapo simwonei mtu huruma. Wiki ya tatu uzito unabaki pale pale, asilimia 85 hadi 90 ya uwezo wake, ila seti nne zinakuwa mbili au tatu na mazoezi ya pembeni yote yanaondoka. Yale ya mikono ya mbele, ya nyuma ya mkono, ya kutafuta umbo, yanakwenda likizo. Wiki ya pili tunakwenda mara mbili, seti mbili za marudio mawili au matatu, na chuma kinapanda haraka. Nikiona kinapanda polepole natoa kilo, siongezi. Skwati nzito ya mwisho inakuwa siku ya 10 hadi ya 12 kabla ya mbio. Wiki ya mwisho ni kipindi kimoja kifupi, siku ya nne au ya tano kabla, hakifiki nusu saa. Baada ya hapo ni mipira ya kuvuta kwa ajili ya mabega tu.

Mtaona mimi napunguza siku kutoka tatu hadi mbili hadi moja, wakati tafiti zinasema idadi ya vipindi isiguswe. Nafanya hivyo kwa sababu tafiti zile zinahusu mchezo wenyewe. Mwogeleaji akiacha maji siku mbili anapoteza kule kuyashika maji kwa kiganja. Chuma hakina shida hiyo. Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa Bickel, Cross na Bamman, wahusika hawakuwa waogeleaji, ambapo vijana waliofanya vyuma wiki 16 walipunguziwa kazi mpaka moja ya tisa, yaani siku moja kwa wiki badala ya tatu na seti moja badala ya tatu, na wakatunza nguvu na misuli kwa wiki 32. Kidogo kinatunza kingi, ili mradi kile kidogo kiwe kizito.

Karibuni. Mwenye uzoefu tofauti auweke hapa, na mwenye swali aulize.

#2

Mleta mada, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu ni la mbio ndefu. Mimi ni wa mita 800 na 1500, jimu naenda mara mbili kwa wiki. Nikifuata ratiba hii si nitakuwa napumzika kuliko ninavyofanya kazi?

#3 – Mleta mada

Ndugu, umewaza sawasawa. Ratiba ile si yako. Mtu wa 1500 habebi uchovu mwingi wa jimu kwa sababu hata kilele cha mazoezi yake ya vyuma ni cha wastani. Uchovu wako unatoka kwenye mita. Mimi kwa watu wa mbio ndefu nashusha vyuma siku 10 za mwisho tu, na hata kabla ya hapo vilikuwa vyepesi kuliko vya wenzao. Jambo la kwako la kulinda ni mgongo, kiuno na mabega yasilegee ukifika mita ya 1,000, kwa hiyo mazoezi ya kati ya mwili yaendelee kwa dozi ndogo mpaka siku mbili tatu kabla. Skwati nzito ukiiacha siku 14 kabla hutapoteza kitu utakachokikumbuka.

Halafu usishushe bwawani kwa fujo. Watu wa mbio ndefu wakipunguza mita sana wanalalamika maji yamekuwa mageni kwao.

#4

Salaam mkuu. Mimi pia ni kocha, miaka kadhaa sasa, na hapa kwenye siku nne au tano sikubaliani nawe moja kwa moja.

Nina dada wa mita 50 na 100 mgongo, mwembamba, kilo 58. Nikimwachisha jimu siku tano kabla ananiambia anajiona kama karatasi. Naye tunakwenda mpaka siku mbili kabla, kitu kidogo, na anaruka vizuri. Lakini nina kijana mwingine wa kilo 94, mapaja kama nguzo, yeye chini ya siku 10 harudi katika hali yake. Nikimpa ratiba ya yule dada namuua. Kwa hiyo kutoa namba moja kwa wote naona ni hatari, hasa kwa vijana wanaosoma humu na kwenda kuifanya kesho bila kocha.

#5 – Mleta mada

Kocha, umenisahihisha pazuri, nakubali. Namba zangu zimetoka kwa watu wa katikati, na ningesema hivyo tangu mwanzo.

Ninavyoona mimi, misuli mingi inayobeba uzito mkubwa ndiyo inayochelewa kupona. Mtu wa kilo 94 anayechuchumaa na kilo 160 mgongoni ameufanyia mwili wake kitu kingine kabisa tofauti na mtu wa kilo 58 anayechuchumaa na kilo 70, hata kama wote wako asilimia 85 ya uwezo wao. Kwa hiyo wanaume wakubwa wa mbio fupi nawaachisha vizito mapema, hata siku 14, na wadada wembamba nawapeleka karibu zaidi. Yule kijana wangu aliyeshikilia chuma cha ngazi alikuwa wa aina ya huyo wako wa kilo 94. Laiti ungekuwa karibu msimu ule.

Niongeze la misuli ya mikono na mabega maana wengi wanafikiria miguu tu. Kikosi cha Scott Trappe na David Costill kilichukua vipande vidogo vya misuli ya bega kutoka kwa waogeleaji kabla na baada ya siku 21 za kushusha mzigo. Nyuzi za misuli za haraka, zile za kufyatuka, zilinenepa na nguvu yake ya kufyatuka ikapanda sana. Nyuzi za polepole hazikubadilika kwa kiasi hicho. Nilipoisoma ile ndipo nilipoelewa kwa nini mtu wa mbio fupi anahitaji kushusha kwa muda mrefu kuliko wa mbio ndefu: nyuzi anazozitegemea ndizo zilizokuwa zimebanwa na mazoezi.

#6

Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 13, ana mashindano makubwa mwezi ujao, na kocha wao wa klabu amewaambia wote wiki tatu wasiguse mazoezi ya nguvu. Mtoto amekosa raha, anasema anazidi kuwa mlegevu. Nimshauri nini bila kumvunjia kocha heshima?

#7 – Mleta mada

Mzazi mwenzangu, pole. Mtoto wa miaka 13 kwa kawaida hana vyuma vya kushusha. Anachofanya ni pushapu, kujivuta kwenye chuma, kuruka, kuchuchumaa na mwili wake, labda na mpira wa uzito mdogo. Anapona haraka kuliko mimi na wewe. Siku tano hadi saba za kupunguza zinamtosha kabisa, na hata ndani ya siku hizo kuruka mara chache na kujivuta mara chache hakumdhuru.

Mwendee kocha faragha, si mbele ya watoto, umuulize kwa heshima kama mtoto anaweza kubaki na dakika kumi za kuruka na kujivuta mara mbili kwa wiki mpaka wiki ya mwisho. Makocha wengi watakubali, maana wanachokwepa ni kumchosha mtoto, na wewe humwombi kocha amchoshe. Akikataa, muache aongoze. Mtoto anayevutwa huku na huku na watu wazima wawili wiki ya mashindano anapoteza zaidi ya hicho unachopigania.

Kitu kimoja usikubali kwa gharama yoyote: zoezi jipya ndani ya wiki mbili za mwisho. Misuli isiyozoea zoezi huuma siku moja hadi tatu baadaye, hasa zoezi la kuteremsha uzito polepole. Nimeona watoto wakiletewa mchezo mpya wa kuruka vikwazo siku nne kabla, kwa nia njema tu, na wakafika bwawani wanachechemea.

#8

Nipo katikati ya hilo jambo sasa hivi. Siku 11 kabla, mita 100 na 200 kifua. Nimefuata kushusha kama ulivyoandika, karibu kila kitu. Lakini najisikia vibaya kuliko kipindi cha kazi. Mwili mzito, mizani imepanda kilo moja na zaidi, bwawani nimekuwa kama gunia. Jana nilitaka kurudi jimu nipige seti kamili niamshe mwili. Mwenzangu akanizuia nje ya mlango. Nimekosea wapi?

#9 – Mleta mada

Dada, hujakosea popote, na huyo mwenzako mshukuru sana.

Unachokipitia wanakipitia wengi wiki ya kwanza ya kushusha, na ndipo mashindano mengi yanapoharibikia. Kilo hiyo usiiogope. Misuli ikiacha kutumiwa kupita kiasi inajaza akiba yake ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na maji gramu tatu hivi. Kwa hiyo mizani inapanda bila wewe kunenepa. Hayo ni mafuta ya gari, yako tangini. Ukianza kujinyima chakula sasa hivi ili mizani irudi, unayamwaga.

Uzito wa mwili unaousikia una sababu nyingine pia. Wiki nyingi ulikuwa unaishi na misuli iliyokaza muda wote, ukauzoea ule mkazo mpaka ukaona ndiyo nguvu. Sasa umelegea na unaona nguvu imepotea. Subiri. Kwa wengi wangu wepesi unarudi kati ya siku ya saba na ya kumi ya kushusha. Wengine unarudi siku mbili kabla ya mbio, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Ukitaka kuamsha mwili fanya hivi: kuruka juu mara tatu, pumzika dakika mbili kamili, rudia mara nne. Kisha rusha mpira wa uzito ukutani mara tano kwa nguvu zako zote. Basi. Ondoka jimu ukiwa bado unatamani kuendelea. Seti kamili leo itakupa raha ya jioni moja na itakudai siku nne.

#10

Mkuu, mbona hamumtaji Cameron McEvoy, yule mwogeleaji wa Australia? Jamaa alibadilisha kila kitu, mita chache sana bwawani, nguvu nyingi nje ya maji, akachukua ubingwa wa dunia wa mita 50 mwaka 2023 kwa 21.06 na dhahabu ya Paris 2024 kwa 21.25. Hii haionyeshi kwamba vyuma ndiyo kila kitu na hakuna haja ya kuviogopa mpaka mwisho?

#11 – Mleta mada

Nafurahi umemleta, maana mwendo wake umetufundisha wengi kwamba mtu wa mita 50 hahitaji kuogelea kama wa mita 400. Mimi mwenyewe nimepunguza mita za watu wangu wa 50 tangu nilipomfuatilia.

Ila angalia kitu kimoja. Mtu aliyepunguza mita kiasi kile anafika wiki za mwisho akiwa na uchovu mdogo wa bwawani. Wewe unayeogelea kilomita 40 kwa wiki ukichukua vyuma vyake na kuviweka juu ya mita zako, umebeba mizigo ya watu wawili. Ukitaka kufuata njia yake, ifuate tangu mwanzo wa msimu, sio wiki tatu za mwisho. Na yeye ana mbio moja ya urefu mmoja wa bwawa. Kwenye mita 200 habari inabadilika kabisa.

Kuhusu nguvu za miguu na kuruka, hapo niko nawe. Mwaka 2011 waogeleaji wa kimataifa wa mbio fupi kutoka Uingereza walipimwa, na waliokuwa na skwati nzito zaidi walifika mita 15 mapema zaidi. Ndiyo maana miguu siiachii mapema kwa watu wa 50. Napunguza seti, uzito nauacha ukae.

#12

Swali fupi kwa kocha wa #4 na mleta mada. Mashindano ya siku nyingi mnafanyaje? Mbio yangu kuu iko siku ya saba. Nikishusha kwa hesabu ya siku ya kwanza, si nitafika siku ya saba nimeoza?

#13 (yule kocha wa #4)

Nitangulie kidogo. Hesabu yako anza kwenye siku ya mbio yako kuu, si siku ya ufunguzi. Mashindano ya dunia ya bwawani yanachukua siku nane, na mita 50 mtindo huru inakuja mwishoni. Nikiwa na mtu wa aina hiyo, kipindi chake cha mwisho cha jimu kinaangukia ndani ya mashindano yenyewe, siku ya pili au ya tatu. Watu wananishangaa wakituona tunatoka na mikeka wakati wenzetu wanatafuta vitanda.

#14 – Mleta mada

Naunga mkono. Na kama unaogelea mbio ndogo siku za mwanzo, hizo zihesabu kama kazi. Mchujo wa asubuhi na nusu fainali ya jioni ni miruko miwili kamili ya kibao kwa nguvu zote, hakuna jimu itakayokupa zaidi ya hapo. Siku hizo usiguse chuma. Kama huna mbio kabisa kuanzia siku ya kwanza mpaka ya tano, basi unahitaji kipindi kimoja kifupi, la sivyo kweli utalala.

Mahali pengi ukifika huna jimu karibu. Kitu cha kuvuta, mpira wa raba na sakafu isiyoteleza vinatosha. Usiende kutafuta jimu umbali wa saa nzima kwa gari, ule mwendo utakuchosha kuliko faida yake.

#15

Mabega je? Mimi nina bega la kulia linalosumbua, daktari wa mazoezi alinipa mazoezi ya raba ya kuzungusha mkono. Nayo nishushe?

#16 – Mleta mada

Hapana. Hayo hayashushwi. Ile misuli midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega haipati uchovu wa kukuharibia mbio kwa seti mbili za raba nyepesi, lakini ukiiacha wiki tatu bega lako litakukumbusha siku ya nusu fainali. Endelea mpaka asubuhi ya mbio, kama sehemu ya kupasha mwili moto. Punguza raba iwe laini kidogo, marudio 12 hadi 15, usifike mahali misuli inawaka. Na kama bega linauma usiku ukilalia, rudi kwa daktari wako kabla ya kurudi kwangu.

Cha kushusha ni kubenchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) na kujivuta ukiwa na uzito wa ziada kiunoni. Hivyo viwili ndivyo vinavyokaza kifua na mgongo wa juu mpaka mkono unagoma kunyooka vizuri mbele. Siku nane kabla mimi nimeshaviondoa.

#17 (yule dada wa #8)

Nimerudi. Siku 6 zimebaki. Leo bwawani kwa mara ya kwanza maji yamenishika. Sijui niseme vipi, kila mvuto unapata kitu. Kesho ni kipindi changu cha mwisho cha jimu. Naomba uniandikie unachofanya na watu wako siku hiyo, hatua kwa hatua, nisije nikaongeza kitu kwa furaha.

#18 – Mleta mada

Nimefurahi mno kusoma hivyo. Chukua karatasi.

Nenda saa ile ile utakayoogelea fainali, kama ratiba inaruhusu. Pasha mwili moto dakika kumi, kamba ya kuruka na kuzungusha viungo, mpaka jasho jepesi litoke. Kisha skwati: chuma kitupu marudio matano, halafu asilimia 50 marudio matatu, halafu asilimia 70 marudio mawili, seti mbili. Mwisho wake ni huo. Kila rudio unapanda kama mtu aliyesikia king'ora cha kuanzia. Pumzika dakika tatu baina ya seti, ukae kitako hasa, usizunguke na kuzungumza na watu. Baada ya hapo kujivuta kwa mwili wako tu, mara tatu, haraka juu, shuka bila kubania polepole. Seti mbili. Kurusha mpira wa uzito chini kwa nguvu, mara nne. Raba za mabega, umemaliza. Saa yako isizidi dakika 25 kuanzia skwati ya kwanza.

Halafu fanya jambo moja ninalofanya na kila mtu wangu. Mwanzoni mwa kushusha mzigo nampaka chaki kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia, anasimama ubavu kwa ukuta, anaruka, anaugusa. Naandika tarehe pembeni ya alama. Tunarudia kila kipindi. Ukuta wa jimu yetu una safu za alama hizo, nyingine za misimu mitatu nyuma, zimefifia. Katika wiki ya kwanza ya kushusha alama mara nyingi inabaki pale pale au inashuka kidogo, na ndiyo wiki ile ulipotaka kurudi kupiga seti kamili. Baadaye inaanza kupanda. Yule binti wa kipepeo niliyemtaja mwanzoni alirudi kwangu msimu uliofuata, tukaenda kwa mpango huu mpya, na siku tano kabla ya mbio alama yake ilikuwa vidole viwili juu ya ile ya kwanza. Aliitazama akanyamaza, akaenda kuosha chaki mikononi, akafunga begi lake. Sikuhitaji kumwambia tena kwamba miguu iko tayari.

Kama hukuweka alama mwanzoni, weka kesho hata hivyo, utaikuta msimu ujao. Kisha ondoka, kula, lala mapema. Ukitoka majini siku ya mbio rudi hapa utupe muda wako wa mita 15 kama kuna mtu alikushikia saa, tunausubiri.